iOS 26 kwenye jua la Lamu: cha kuzima, cha kuacha

iOS 26, mfumo unaoendesha iPhone, inapendeza ukiitazama chumbani, na inasumbua ukiisoma juani. Kwa mkaazi wa Lamu hilo ndilo jambo lenyewe, maana simu hapa hutumika nje kuliko ndani: gatini, botini, barazani, sokoni, hata juu ya punda kwa wale wasiosikia la mtu. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya usumbufu huo inaondoka kwa kugusa swichi chache, ila zimetawanywa mahali ambapo mtu hawezi kuzikuta kwa bahati.

Apple ilitangaza sura hii mpya, iliyoipa jina la Liquid Glass, mwezi wa Juni 2025, na iOS 26 yenyewe ikatoka tarehe 15 Septemba mwaka huohuo. Vitufe, menyu, arifa na mstari wa chini wa programu vimefanywa vya kioo: kilicho nyuma kinaonekana, mwanga unapinda pembeni, na ukisogeza ukurasa, rangi za picha zinapita ndani ya kitufe. Inaanzia iPhone 11 kwenda juu, pamoja na SE ya kizazi cha pili na cha tatu. Mwenye XR, XS au XS Max haimhusu, kwa hiyo anayeuziwa XR iliyotumika na kuambiwa "inapokea iOS mpya" ajue anadanganywa.

Kwa nini kioo kinasumbua? Herufi husomeka kwa sababu ya tofauti ya mwangaza kati yake na kilicho nyuma yake. Kanuni za kimataifa za kurasa za wavuti zinataka tofauti hiyo isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kitufe chenye rangi yake mwenyewe hupimwa mara moja, kikifaulu kimefaulu. Kitufe cha kioo hakina rangi yake, kinaazima ya jirani. Juu ya picha ya bahari ya jioni kinafaulu, ukisogeza kidogo kikafika juu ya kanzu nyeupe kinafeli. Apple wanalijua hili, ndiyo maana vitufe vidogo hugeuza alama zake zenyewe, kutoka nyeupe kwenda nyeusi, kulingana na kinachopita chini. Lakini kwenye orodha yenye picha nyeupe na nyeusi zilizochanganyika, huko kugeukageuka ndiko kunakochosha macho.

Sasa ongeza jua. Skrini ya iPhone 11 ina mwangaza wa niti 625 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), na huo ndio mwisho wake. iPhone 15 hufika niti 2000 ikiwa nje. Chini ya jua la Kaskazi, saa saba mchana, mwangaza unaorudishwa na uso wa simu huongezeka juu ya nyeusi na nyeupe kwa pamoja, tofauti kati yao ikapungua. Tofauti iliyokuwa ndogo tangu mwanzo, kama ya kioo juu ya kioo, ndiyo inayozama kwanza. Na tena kuna joto: Apple wenyewe wanasema simu itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Simu iliyoachwa juu ya ubao wa boti, jua linaipiga, hujipunguzia mwangaza yenyewe ili ipoe, na hakuna swichi ya kuizuia. Itie kivulini, vua kava, subiri. Usiitie kwenye friji wala ndoo ya barafu ya samaki, unyevu utafanya matone ndani.

Manahodha na wavuvi wanaovaa miwani ya kupunguza mng'ao wa bahari wana tatizo la ziada: ukiishika simu kwa pembe fulani, skrini inaingia giza. Hilo si la iOS. Igeuze simu kutoka wima kwenda ulalo, au inua miwani.

Mahali ambapo mtu anaumia hasa ni arifa. Chukua safari ya Mokowe kuja Lamu. Umelipa nauli kwa M-Pesa, mwenye boti anataka kuuona ujumbe, nawe unamwonyesha skrini iliyofungwa. Ujumbe umo ndani ya kipande cha kioo, na nyuma yake umeweka picha ya mchanga wa Shela. Herufi nyeupe, kioo cheupe, mchanga mweupe. Mwenye boti anaisogeza simu karibu na uso, anaifunika kwa kiganja, bado hauoni mwisho wa jina lake. Hapo kosa si la macho yake.

Tuje kwenye marekebisho, kwa mpangilio wa faida.

Kwanza hakikisha una iOS 26.1 au ya baadaye. Tazama kwenye Settings, kisha General, kisha About. Toleo hilo, la Novemba 2025, ndilo lililoleta chaguo la kupunguza uwazi bila kuua sura nzima: Settings, Display & Brightness, Liquid Glass, kisha chagua Tinted badala ya Clear. Kioo kinapata rangi ya maziwa, vitufe na arifa vinasomeka zaidi. Kwa kijana mwenye macho mazima na simu ya miaka ya karibuni, hili peke yake huenda likamtosha.

Lisipotosha, nenda Settings, Accessibility, Display & Text Size, washa Reduce Transparency. Hii ni dawa kali zaidi: nyuma ya menyu na arifa panakuwa na rangi kamili, karibu kama zamani. Katika ukurasa huohuo kuna Increase Contrast, ambayo huvipa vitufe mipaka inayoonekana. Wengine wanasema mipaka hiyo inaharibu uzuri. Kweli, si mizuri. Lakini mtu anayetuma pesa juani anahitaji kujua kitufe kinaanzia wapi na kinaishia wapi, uzuri atautafuta nyumbani. Juu ya ukurasa huo pia kuna Bold Text, na hii ningeiwasha kwenye kila simu ya mtu aliyepita miaka arubaini bila hata kumuuliza.

Kama unapenda kioo na shida yako ni programu moja tu, usizime kila kitu. Rudi Accessibility, shuka hadi Per-App Settings, ongeza programu hiyo, kisha iwashie yenyewe Reduce Transparency, Bold Text na maandishi makubwa. Watu wengi hawajui ukurasa huu upo, nao ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za iOS.

Picha ya nyuma ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mchanga, ukuta wa chokaa, tanga jeupe: zote ni mbaya. Mlango wa nakshi ni mbaya kwa njia nyingine, kwa kuwa mikato yake midogo ya mwanga na kivuli huzikata herufi vipande. Chagua picha yenye eneo pana la rangi moja iliyokolea, kama maji ya jioni au kivuli cha mikoko. Ukitaka lazima mlango wa nyumba yenu, uweke kwenye skrini iliyofungwa, na ukurasa wa aikoni uufanye ukungu: bonyeza na kushikilia skrini iliyofungwa, gusa Customize, gusa upande wa Home Screen, kisha Blur. Ukiwa hapohapo, rudi upande wa Lock Screen, gusa saa, ubadilishe kutoka Glass iwe Solid. Saa ya kioo ukiivuta iwe ndefu inavutia kweli, ila saa ni kitu cha kutupiwa jicho moja na kuachwa.

Aikoni nazo zina mtindo mpya wa Clear, ambao unazitoa rangi zote. Huu ningeuacha kabisa. Mtu haisomi aikoni, anaikimbilia kwa rangi na mahali ilipo. Kijani cha WhatsApp na kijani cha M-Pesa hutofautishwa na alama iliyo ndani, lakini kijani na buluu hutofautishwa kabla hata jicho halijatulia. Ukiondoa rangi umemlazimisha mtu asome. Kama simu imefika kwako ikiwa hivyo, shikilia mahali patupu kwenye ukurasa wa aikoni, gusa Edit, Customize, rudisha Default.

Kuhusu hali ya giza, kuna imani kwamba inasaidia kila mahali. Usiku, ndiyo. Mchana nje, hapana: skrini nyeusi inageuka kioo cha kujitazamia uso, na herufi nyeusi juu ya nyeupe husomeka vizuri zaidi. Weka Automatic kwenye Display & Brightness, simu ifuate jua lenyewe. Hapa pwani jua halina hila, linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima.

Mpangilio wa vitufe ni jambo jingine na kioo, na hapa Apple wamefanya mema na mabaya. Jema ni kusogeza mambo chini karibu na kidole gumba. Sehemu ya kutafuta, kwa mfano, katika programu nyingi sasa iko chini, na kwa anayeshika simu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kamba ya boti, hilo ni faraja. Baya ni kuficha. Safari, programu ya kufungulia kurasa za wavuti, imekuja na mpangilio wa Compact, ambao umevitia vitufe kadhaa ndani ya nukta tatu. Nenda Settings, Apps, Safari, kwenye sehemu ya Tabs chagua Bottom, na safu ya vitufe itarudi. Programu ya kupiga simu nayo imeunganisha simu za karibuni, vipendwa na ujumbe wa sauti katika ukurasa mmoja. Anayeona ni fujo aguse alama ya kichujio juu kulia na kuchagua Classic. Wazee wengi watakushukuru kwa hilo moja kuliko mengine yote.

Utaona pia kwamba programu moja ina kibodi ya pembe za duara na nyingine ina ile ya zamani, ukadhani simu imeharibika. Haijaharibika. Programu hupata sura mpya pale walioiunda wanapoijenga upya kwa zana mpya za Apple, na wengine, hasa wa benki, hawana haraka. Usifute programu na kuipakua tena ukitarajia mabadiliko, utapoteza bando na pengine kulazimika kujisajili upya.

Mwenye iPhone 11 au 12 akiona simu inasitasita, azime mwendo: Accessibility, Motion, Reduce Motion. Kurasa zitabadilishana kwa kufifia badala ya kuruka. Kuhusu chaji, siku za mwanzo baada ya kusasisha simu hupanga upya picha na mafaili kimyakimya, na betri huisha haraka. Ipe siku chache kabla ya kumlaumu mtu. Ikiendelea baada ya hapo, tazama Settings, Battery, kwenye Battery Health. Betri iliyochoka ilikuwa imechoka tangu kabla ya iOS 26.

Kwa ambaye hajasasisha bado: mzigo ni wa gigabaiti kadhaa, kwa hiyo tumia Wi-Fi, si bando. Fanya nakala ya data kwanza, chaji ijae, na usianze asubuhi ya safari. Kurudi nyuma ni kazi nzito. Kunahitaji kompyuta, na Apple hufunga mlango wa toleo la zamani baada ya muda, na nakala iliyofanywa kwenye iOS 26 haikubali kurudishwa kwenye iOS 18. Fundi anayekuahidi kukurudisha "dakika mbili tu" muulize kwanza atazirudisha vipi picha zako.

Wenye Android wasicheke sana. Google nao walibadilisha sura mwaka 2025, wakaiita Material 3 Expressive. Wao walikwenda njia nyingine, vitufe vikubwa na rangi za kukolea, na wanasema waliufikia uamuzi huo baada ya tafiti 46 zenye washiriki zaidi ya 18,000. Kwa jua la hapa, kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia iliyo sahihi zaidi, ingawa rangi zenyewe zinapiga kelele. Kwa wenye Samsung, kero iliyozidi ni ya One UI 7, sura ya Samsung wenyewe juu ya Android, iliyotenganisha arifa na swichi za haraka: ukivuta kutoka juu kushoto unapata arifa, juu kulia unapata swichi, na mzee anayetafuta tochi anazunguka. Vuta kutoka juu kulia, gusa alama ya penseli, ingia kwenye mipangilio ya paneli, chagua vikae pamoja, na tochi itarudi pale mkono wake ulipozoea kuikuta.