Kwa wenzangu mnaolea wakandaji na walimu wa yoga wachanga

Kila mvua za masika zinapokaribia na hoteli za Shela, hapa Lamu, kuanza kufunga, simu yangu huanza kuita. Wanaopiga ni mabinti wa hapa hapa: wa Mkomani, wa Langoni, wengine wa Matondoni. Kuna aliyesomea masaji Mombasa, kuna mwenye cheti cha yoga cha saa 200, kuna aliyerithi mikono ya bibi yake anayesinga maharusi. Swali lao ni moja: "Bi, nikasome kozi gani sasa?"

Huwajibu kuwa wengi wao hawana haja ya kozi nyingine mwaka huu. Wana haja ya mtu wa kukaa naye. Ndiyo maana leo nasema na ninyi mlioiva katika kazi hii, mnaoendewa na vijana hawa kuombwa mwongozo.

Tuanze na cheti, maana kinawachanganya wengi. Saa 200 ni ngazi ya kuanzia ya Yoga Alliance, shirika la Marekani linaloorodhesha walimu. Ni orodha, si leseni ya serikali. Anayesomea ualimu wa mbinu ya Alexander, ile ya kufundisha mwili kusimama na kusogea bila kujikaza, kwa kawaida hupitia saa 1,600 kwa miaka 3. Sisemi haya kumdharau mwenye saa 200. Nasema kwa sababu saa zilizobaki lazima zitoke mahali. Nairobi vijana wana Africa Yoga Project, shirika linalofundisha walimu wa yoga, tangu 2007, wana wenzao wa kuwauliza. Binti wa Lamu akisharudi nyumbani na cheti chake, wa kumuuliza ni wewe.

Basi mpe kwanza mwili wako. Usiridhike kumtazama akimkanda mwingine. Lala wewe kitandani. Muda mfupi tu utajua mambo ambayo yeye mwenyewe hayajui: kwamba anabonyeza kwa dole gumba kila mahali, kwamba anabana pumzi akifika begani, kwamba mkono wa kushoto unaogopa. Mwambie papo hapo, kwa upole, na arudie.

Hilo dole gumba ulichukulie kwa uzito, kwani ndilo linalowaondoa wengi kazini mapema. Mpimie kitanda: asimame wima kando yake, mikono ining'inie, akunje ngumi, vifundo viguse juu ya kitanda. Kikizidi kimo hicho atasukuma kwa mabega na vidole badala ya kuegemea kwa uzito wa mwili. Kitanda cha mbao fundi yeyote wa Lamu atakikata miguu kwa asubuhi moja. Kisha mfundishe kutumia kigasha na kiwiko, na kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele.

Lakini jambo ambalo mimi hukaa nalo msimu mzima ni kuuliza kabla ya kugusa. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa Manda baada ya kukaa kwenye ndege usiku kucha kutoka Ulaya, anavuka kwa mashua, na kesho yake anataka masaji kwa kuwa mguu unamuuma. Binti aliyefundishwa mbinu peke yake atalikanda shavu la mguu kwa bidii zaidi. Aliyelelewa vizuri atauliza: ni mguu mmoja au yote miwili? Umevimba? Atagusisha kidogo mgongo wa kiganja: una joto kuliko mwenzake? Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, baada ya safari ndefu, huenda una damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, bonge lile linaweza kung'oka likapanda hadi mapafuni. Hapo hakuna masaji. Ni daktari siku hiyo hiyo, na hospitali ya King Fahd ipo hapa mjini.

Kujua peke yake hakutoshi. Wasichana wetu wamelelewa kwa adabu, na kumkatalia mtu mzima aliyekwisha kulipa ni mtihani mkubwa kwao. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kukataa. Mimi nakuwa mgeni, nalalamika, naongeza pesa. Yeye anasema: "Leo sitakukanda. Nataka daktari auone mguu huu kwanza." Anarudia mpaka sauti iache kutetemeka.

Vivyo hivyo kwa mwanamume anayeanza kudai kisichokuwemo katika kazi. "Kazi imekwisha. Mimi natoka." Atoke kweli, mlango auache wazi, habari ya malipo ije baadaye. Na siku binti atakapokuja kukueleza kwamba limemfika, usimuulize alikuwa amevaa nini. Nenda naye kwa meneja, ukae kando yake. Somo, yaani mlezi wa kazi, asiyeweza kufanya hivyo asimpokee binti wa watu.

Kwa walimu wa yoga nitasema machache. Mfundishe kufundisha kwa lugha ya wanaomsikiliza. Darasani kwa akina mama, juu ya dari lililozibwa kwa makuti, ukitaja jina la mkao kwa Kisanskriti wanatazamana. Ukisema "kaeni kama kwenye attahiyatu", kile kikao cha swala, wote wanakaa. Na kumrekebisha mtu kwa mkono kuje baada ya ruhusa, kila mara, hata akiwa shangazi yako.

Tengeni saa moja kwa wiki ya kuzungumza kazi iliyofanyika: nani alimtatiza, wapi alikwama, nini kilimchosha. Majina ya wateja yasitajwe. Shela ni ndogo. Ukisema mgeni wa nyumba fulani ana hili, kabla ya magharibi keshajulikana.

Pesa msizionee haya. Kubalianeni siku ya kwanza kama unamlea bure, kwa ada, au kwa kusaidiana kazi. Nisichokikubali ni somo kukata fungu kwa kila mteja wa binti mwaka baada ya mwaka. Huyo ameajiri mtu bila kumwambia. Pia mwelekeze mapema kuhusu miezi ya mvua, kwa sababu wengi huacha kazi hapo. Wageni wanapoondoka, mabega na viuno vya akina mama vinabaki. Akiweka bei ya nusu saa wanayoimudu majirani, mwanamke kwa wanawake, atapata riziki na mikono yake haitapoa hadi wageni warejee.

Wewe nawe usibaki bila mtu. Mimi nina bibi mmoja Malindi, aliyestaafu kazi ya fiziotherapia, ambaye mimi humpigia simu ninapokutana na mgongo nisiouelewa, au binti nisiyejua nimwambieje kwamba kazi hii haimfai. Hunisikiliza, kisha huniuliza maswali ambayo sikuyafikiria. Kama huna wa namna hiyo, mtafute kabla hujampokea binti wa kwanza.