Brave Search: ijaribu kwa swali unalolijua jibu

Wiki hii makala yangu ya kiwavijeshi vamizi, mdudu anayeharibu mahindi, imesomwa redioni, kipindi cha wakulima, na tangu hapo simu haijatulia. Dada mmoja wa Iringa kaniuliza, "Kaka, habari zile ulizitoa wapi?" Nilizitafuta kwa Brave Search, injini ile ile ya kutafuta mtandaoni ambayo mhariri wangu wa zamani alisema, mbele ya chumba kizima cha habari, kuwa ni mchezo wa watu wasio na kazi. Maneno yale bado yananiuma, siwezi kuficha.

Injini hiyo ilifunguliwa kwa umma Juni 2021, ikiwa ya majaribio. Mmoja wa waasisi wa kampuni yake, Brave, ni Brendan Eich, aliyebuni lugha ya programu ya JavaScript mwaka 1995, ila kilichonivuta mimi ni faharasa, yaani orodha ya kurasa ambamo injini hutafuta majibu. Injini nyingi ndogo huchota matokeo kwa Bing, injini ya Microsoft. Brave walinunua injini ya Tailcat, kazi ya watu waliotoka kampuni ya Cliqz ya Ujerumani, wakajenga faharasa yao wenyewe, na Aprili 2023 wakaacha kuchota matokeo ya kurasa kwa Bing. Kwa mwandishi hilo ni jambo kubwa, maana unapata mlango wa pili wa kweli.

Siku ya kwanza niliiuliza ninachokijua. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduka usoni, na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Nimemshika kiganjani nikayaona. Nikauliza kwa Kiswahili, nikauliza kwa Kiingereza. Ukurasa uliotaja Y na madoa yote manne nilikaa nao. Uliosema "kiwavi mharibifu" basi, niliufunga.

Nawe fanya hivyo. Uliza unachokijua, tena kwa lugha zote mbili, kwa sababu kurasa za Kiswahili mtandaoni ni chache na injini yoyote huokota kilichopo. Jina la kitu lifunge kwa alama za kunukuu. Narudia: anza na unachokijua.

Na ninyi vijana mlioshika kalamu, muhtasari wa akili mnemba unaokaa juu ya matokeo si chanzo. Shukeni chini, fungueni ukurasa, mtazame nani kaandika na lini. Kuna mkulima atakayenunua dawa kwa neno lenu, kwa hela ya ada ya mtoto. Mkikwama, tangulizeni !g mbele ya swali. Brave yenyewe itawapeleka Google. Linganisheni, ndipo muandike.