Kupumzika Jumapili si dhambi

Dada, umeuliza kama kulala mchana Jumapili baada ya ibada ni uvivu, maana Waefeso 5:16 inatuambia tuukomboe wakati. Si uvivu hata kidogo! Wiki nzima unafungua genge pale Mbuyuni alfajiri, unapanga ndizi na parachichi, unarudi Majengo giza limeingia. Kwenye Marko 6:31 Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakapumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Lala kwa amani. Ninachokuombea zaidi ni zile saa za simu usiku, zinazokula usingizi na sala ya asubuhi. Hizo ndizo za kukomboa. Na wateja wakipungua alasiri, mpigie mama kule Marangu, mwongee bila haraka.