Gunia lina kilo ngapi?

Bombo, Jumapili

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ukubali nafasi ya kusomea uzamivu (PhD) ng'ambo, ukajenge modeli ya nishati ya Uganda kwenye kompyuta, au ubaki Makerere upime makaa majumbani. Mimi nakuuliza kwanza: gunia la makaa lina kilo ngapi?

Unaikumbuka Nakasongola, tulikokwenda kuchunguza matumizi ya makaa; wewe ndiye uliyeshika daftari. Dodoso liliuliza "magunia mangapi kwa mwezi?", na ofisini kila gunia likapewa uzito mmoja. Tulipotundika mizani mwembeni, la kwanza lilivuta kilo 48. La pili, lililojazwa mpaka likavishwa kilemba cha nyasi na kamba, kilo 71. Ripoti ilikuwa imeshatoka. Jina langu limo humo, na mpaka leo linanichoma.

Piga hesabu. Tanuru la udongo hutoa makaa yenye asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa kuni. Gunia la kilo 48, kwa asilimia 20, limekula kuni kilo 240. La kilo 71, kwa asilimia 10, kilo 710. Karibu mara tatu, na kompyuta haijawashwa! Halafu tarakimu hiyo inazidishwa kwa nyumba za wilaya nzima, msitu unaandikiwa sera.

Kwa hiyo ijaribu mizani yenyewe kwa jerikeni la maji lita 20, ukitoa uzito wa jerikeni. Toa na uzito wa gunia tupu. Pima kilichobaki jikoni kila siku saa ileile, siku zisizopungua tatu, na siku ya sherehe usiihesabu. Kuni zipime na unyevu wake, maana mti uliokatwa jana karibu nusu yake ni maji. Andika waliokula, si waliolala, kila mmoja kwa sehemu yake ya mlaji mzima: mwanamume 1, mwanamke 0.8, mtoto wa chini ya miaka 15 nusu. Namba isiyopita kwenye mizani ni uvumi. Nilikwambia zamani, nakwambia tena.

Lakini ngoja. Ziwa halitundikwi kwenye ndoano. Mwaka 2005 na 2006 Ziwa Viktoria liliposhuka na umeme ukawa wa zamu, mvua ilikuwa haba, na maji nayo yalitolewa Jinja, kwenye mabwawa ya umeme Naili inapotoka ziwani, kupita kiwango kilichokubaliwa. Kujua kila sababu ilishusha ziwa kiasi gani kulitaka watu wa modeli: mvua, mvuke, mito inayoingia, maji yanayotoka. Bila wao tungelaumu mawingu peke yake. Kwa hiyo nisiwadharau. Ila hata wao walikuwa na mtu wa kusoma kipimo cha ziwa kila siku.

Jibu ninalo mdomoni, na baba yako analijua. Silitoi. Waulize kwanza hao wa ng'ambo: takwimu zao za kupikia alipima nani, mwaka gani, masika au kiangazi? Niandikie walivyojibu, ndipo tuzungumze.

Mizani yangu iko juu ya kabati. Springi imelegea na ndoano imepinda. Zibadilishe kabla hujaitundikia mizani kitu.

Mama yako