Mchoraji asiyeona: kutoka mezani hadi darasani

Kazi nyingi za mchoraji asiyeona huharibikia mezani, kabla brashi haijagusa kanvasi. Panga rangi kwa mstari mmoja kuanzia kushoto: nyeupe, njano, nyekundu, bluu, kahawia, nyeusi, na mpangilio huo usibadilike kamwe. Andika majina kwa nukta nundu, uyabandike kwenye ubavu wa chupa. Vifuniko hubadilishana upesi. Chombo cha maji kiwe kizito, chenye kitako kipana. Na mtu asikupangie meza bila kukuambia, hata kwa nia njema.

Kwa anayeanza, akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, inafaa kuliko rangi za mafuta. Tabaka lake jembamba hukauka ndani ya nusu saa hivi, ukaligusa ukajua umefika wapi. Rangi ya mafuta hubaki mbichi kwa siku kadhaa, na kila ukiipapasa unaiharibu.

Mistari ya mchoro lazima iinuke ili kidole kiisome. Tumia gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, katika chupa yenye mdomo mwembamba, uchore mstari wa unene wa milimita 2 au 3. Gundi hunywea inapokauka kwa kuwa maji yake yanatoka, hivyo ikishakauka ipitishe mara ya pili juu yake, kisha iache ilale usiku kucha. Gundi nyeupe ya shule, ile inayoosheka, haifai: ukipaka rangi yenye maji, mstari unalainika na kupotea. Kwenye kona, inua chupa uanze mstari mpya. Ukigeuza mkono bila kuinua, gundi inarundikana na pembe inakuwa kinundu.

Rangi nazo zipe mguso wake. Tia mchanga laini uliochekechwa kwenye nyeusi, unga wa mbao kwenye kahawia, nyeupe ibaki laini. Sehemu 1 ya mchanga kwa 4 za rangi inatosha. Ukizidisha, rangi haiwezi tena kuushika na tabaka linamomonyoka.

Mwenye uoni hafifu anahitaji pia taa itokayo upande usio wa mkono anaochorea, asijitilie kivuli.

Sasa darasa. Ukiomba kazi ya kufundisha uchoraji, waajiri watakuuliza utasahihishaje kazi za wanafunzi wanaoona, na hilo ni swali la haki, kwa hiyo nenda na jibu la vitendo. Funga nyuzi juu ya ubao wa kuchorea zitoe miraba 9. Mwanafunzi aeleze kazi yake mraba kwa mraba: kuna nini, kinaishia wapi, kimegusana na nini. Maneno “hapa” na “pale” yapigwe marufuku. Mwanafunzi akishindwa kueleza mraba fulani, mara nyingi hakuutazama vizuri alipouchora, na hapo ndipo somo linapoanzia. Msaidizi akiwepo, aeleze tu, asihukumu: “nyekundu imefika ukingoni,” si “imependeza.” Hukumu ni kazi ya mwalimu.

Kwa mwanafunzi asiyeona, mkono wako uwe chini na wake juu, ili afuate kwa hiari na aweze kuuondoa apendapo. Kumshika na kumsukuma kunamfanya akaze vidole, na brashi inakwaruza.

Kabla ya kusaini mkataba wa ajira, omba kwa maandishi meza ya kudumu, msaidizi na muda wa ziada wa kusahihisha. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 kinazitaka nchi wanachama kuhakikisha marekebisho ya namna hiyo yanafanywa kazini, kwa hiyo usiombe kama anayeomba fadhila.