Uliza Kwanza: Leseni Inaitambua Kadi Gani?

Jumatatu moja asubuhi wahandisi wa ofisi yetu hapa Dar es Salaam walishindwa kufungua hata mchoro mmoja. Programu zao za usanifu hupata leseni kutoka seva moja, na seva hiyo ilizimika Jumapili umeme ulipokatika. Ilipowaka, huduma ya leseni ikagoma na kutoa kosa namba -9: mashine hii siyo iliyoandikwa kwenye leseni. Kiongozi wa mradi akanifuata: "Kaka, zabuni inafungwa saa kumi leo."

Nikazima na kuwasha huduma mara tatu. Nikamwandikia muuzaji wa programu. Saa mbili zikapotea, na mpaka leo zinaniuma, kwa sababu jibu lilikuwa mle mle ndani ya seva.

Mfumo wetu wa kugawa leseni ni FlexNet, ambao mafundi wengi bado wanauita FlexLM. Faili lake la leseni ni maandishi ya kawaida. Kuna mstari unaoanza na neno SERVER, likifuatiwa na jina la mashine, tarakimu 12 (namba 0 hadi 9 na herufi A hadi F), na namba ya poti, yaani mlango wa mtandao ambao huduma inasikilizia. Jina na poti unaruhusiwa kubadilisha. Zile tarakimu 12 usiziguse, maana ukibadilisha moja tu leseni nzima inakataliwa. Hizo ni anwani ya MAC, yaani utambulisho wa kadi moja ya mtandao. Seva yetu ina kadi sita, na kila moja ina anwani yake. Tunasema leseni ni ya seva, kumbe imefungwa kwenye kadi moja tu.

Ijumaa iliyotangulia mwenzangu alikuwa ameziunganisha kadi mbili zifanye kazi kama kadi moja iitwayo bond0, ili waya mmoja ukikatika mwingine uendelee. Kazi nzuri kabisa. Lakini kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva yetu, kadi zilizounganishwa hivyo kwa kawaida huvaa anwani moja, mara nyingi ile ya kadi iliyoingia kwanza. Leseni yetu ilitolewa kwa ile ya pili. Tangu Ijumaa anwani hiyo ilikuwa imefichika, ila huduma ilikuwa imeshawaka na haikuwa na sababu ya kulalamika. Ilikuja kukagua Jumapili ilipoanza upya, sisi tukaulaumu umeme.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu simu, andika kwenye seva amri ya lmutil lmhostid, uone anwani ambazo mfumo wa leseni wenyewe unaziona. Zilinganishe na mstari wa SERVER, tarakimu kwa tarakimu. Ile unayoitaka isipokuwemo, andika amri ya ethtool -P na jina la kadi. Hapo utapata anwani iliyotoka nayo kiwandani, hata kama sasa imevaa nyingine. Faili la /proc/net/bonding/bond0 nalo linakuonyesha anwani ya asili ya kila kadi iliyounganishwa. Mimi niliitoa ile kadi ya pili kwenye bond0, nikawasha huduma, na saa tano kasoro wahandisi walikuwa kazini.

Kama seva yako ni ya zamani kidogo, angalia pia majina ya kadi. Matoleo ya zamani ya FlexLM kwenye Linux yalitafuta eth0, na mifumo ya siku hizi huziita kadi eno1 au enp3s0, basi lmhostid inarudi mikono mitupu. Kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine), iandike anwani ya MAC kwenye mipangilio isibadilike, maana ukiinakili mashine, nakala huweza kupewa nyingine. Na usikubali leseni ifungwe kwenye kadi ya USB inayochomolewa, au kadi ya VPN inayoundwa na programu tu. Dalili moja inayonisaidia: tarakimu ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo kwa kawaida imetungwa na programu, haikutoka kiwandani.

Wapo watakaokushauri ubadilishe anwani ya kadi kwa amri ili ifanane na leseni. Sikubaliani nao. Mara nyingi ni kuvunja mkataba, na mashine mbili zenye anwani moja kwenye mtandao mmoja zitakusumbua siku nzima. Muombe muuzaji akuhamishie leseni kwenye kadi utakayoichagua.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili: huduma imewaka vizuri, lakini kompyuta za watumiaji zinapata kosa -15, hazifiki. Hapo tazama jina la seva linaelekeza kwenye kadi ipi. Likielekeza kwenye kadi ya hifadhi ya data, ambayo watumiaji hawaifikii, watasubiri bure. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, jina la mashine mara nyingi limeandikwa 127.0.1.1 (anwani ya mashine yenyewe, isiyofikiwa kutoka nje) ndani ya faili la majina la /etc/hosts, nalo huleta mkanganyiko. Kumbuka pia kuwa poti ni mbili: ya lmgrd, programu kuu ya huduma ya leseni, kwa kawaida kati ya 27000 na 27009, na ya programu ndogo ya muuzaji inayotoa leseni zake, ambayo hujichagulia yoyote usipoipangia kwenye mstari wa VENDOR. Zipange zote mbili, kisha zifungue zote kwenye fayawoli, yaani kinga ya mtandao.

Kwetu sasa kuna karatasi ndani ya mlango wa kabati la seva. Ina jina la kadi, tundu lake la nyuma, zile tarakimu 12, na maandishi ya kalamu nyekundu: kadi hii isiunganishwe.