Kimbunga hakizuiliki, vifo vinazuilika

Umeuliza maandalizi yana faida gani ikiwa kimbunga chenyewe hakizuiliki. Faida ipo, ndugu yangu, tena kubwa mno. Itazame Bangladesh: kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Kimbunga Sidr cha 2007 nacho kilikuwa kikali, ila waliokufa walikuwa maelfu machache. Katikati ya hapo yalijengwa makimbilio ya zege juu ya nguzo, na watu wa kujitolea wakafundishwa kupita mtaa kwa mtaa na vipaza sauti na bendera. Tangazo la redio peke yake halitoshi. Bibi asiyeweza kutembea anahitaji mtu aliyepangwa mapema kumbeba. Na mifugo itafutiwe mahali, maana wengi hugoma kuhama wakihofia kuiacha.